Huru au Bure?

Rafiki yangu alinionyesha programu ya kuhariri picha kwenye simu yake. "Hii ni open-source, bana, hulipi hata shilingi." Nikamuuliza msimbo wake uko wapi, yaani yale maandishi ambayo ndiyo programu yenyewe. Akanitazama kama nimemwomba cheti cha kuzaliwa.

Simlaumu. Utata huu ulianza zamani, tena kwa sababu ya lugha. Mwaka 1983 Richard Stallman, Mmarekani, alitangaza mradi wa GNU. Alitaka programu ambazo yeyote anaweza kuzisoma, kuzibadilisha na kuzigawa. Akaziita "free". Shida ni kwamba kwa Kiingereza neno hilo ni huru na ni bure pia. Yeye alimaanisha huru. Wenye biashara wakasikia bure, wakaogopa. Sisi tuna maneno mawili tofauti, na huria juu yake!

Januari 1998 Netscape, ikiwa imebanwa na Microsoft, ilitangaza kwamba itaachilia msimbo wa kivinjari chake. Tarehe 3 Februari watu wachache wakakutana Palo Alto, California, kuona watalitumiaje tukio hilo. Christine Peterson alikuwa ameshabuni jina, open source, lakini aliona haya kulisukuma mbele ya wale magwiji. Todd Anderson, aliyekuwa analijua, akalichomeka tu kwenye mazungumzo. Baada ya muda mwingine akalitumia bila hata kushtuka. Basi, likapita. Peterson alikuja kuchapisha kisa hicho mwaka 2018, miaka 20 baadaye.

Stallman alilikataa, na kwa hilo namwelewa: neno jipya linasifu msimbo ulio wazi, linanyamazia uhuru wa mtumiaji.

Eric Raymond na Bruce Perens wakaanzisha Open Source Initiative, lakini jaribio la kulisajili neno kama alama ya biashara likagonga mwamba. Kwa hivyo halina mwenyewe. Mwaka 2023 Meta iliiita Llama 2 open-source, ilhali leseni yake inazitaka kampuni zenye watumiaji zaidi ya milioni 700 kwa mwezi ziombe ruhusa kwanza. OSI ikasema hapana, hiyo siyo.

Wakenya waliounda Ushahidi wakati wa vurugu za uchaguzi, mapema 2008, waliuweka msimbo wazi kweli. Mwaka 2010 programu hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko.

Rafiki yangu bado anautafuta msimbo wa programu yake. Matangazo anayapata.