William Blake na Mzee wa Sheria

Leo twataka kumsimulia mshairi wa Kiingereza aliyeitwa William Blake. Alizaliwa London mwaka 1757, mwana wa mwuza soksi. Tangu utoto wake aliyaona mambo wasiyoyaona wengine. Siku moja huko Peckham Rye aliona mti umejaa malaika, na baba yake nusura ampige, akidhani asema uongo. Alipokuwa na miaka 14 alipelekwa kwa fundi wa kuchora juu ya mabamba ya shaba, na kazi hiyo ndiyo iliyompa riziki, nayo ilikuwa haba, hata kufa kwake.

Mtu huyu aliisoma Biblia mno, lakini Sheria aliikataa. Katika kitabu alichokianza mwaka 1790 alidai ya kuwa Yesu mwenyewe alizivunja amri kumi, kwa kuwa alitenda kwa moyo wake, wala si kwa kanuni. Maneno hayo ni mazito, nasi hatustaajabu kwamba wengi walimwita mwenda wazimu.

Lakini tuutazame mji wake. Watoto wadogo waliuzwa na wazazi wao, wakapandishwa ndani ya mabomba ya moshi ili kuyasafisha masizi, na wengine walikufa humo. Siku ya Jumapili wenye nyumba walikwenda kanisani, wasione kosa. Blake aliwatungia watoto hao mashairi mwaka 1789, na tena mwaka 1794. Mwaka huo wa 1794 alichora mzee mwenye ndevu ndefu, amefumba macho, aandika kwa mikono yote miwili, na nyuma yake mawe mawili kama yale ya Musa. Mzee huyo alimwita Urizen, na ndiye mungu wa sheria aliyemchukia.

Sisi hatukubaliani naye katika yote. Pasipo kanuni, ni nani atakayemzuia mwenye nguvu? Walakini mwenyewe hakuishi kwa fujo. Mwaka 1782 alimwoa Catherine, ambaye siku ya harusi alitia alama ya msalaba tu, maana hakujua kuandika. Mumewe akamfundisha kusoma na kuandika, wakachapa vitabu pamoja, wasitengane mpaka Blake alipofariki mwaka 1827.

Karibu na mwaka 1805 alichora picha ya yule mwanamke aliyeshikwa katika uzinzi. Mwanamke amesimama, Yesu ameinama na kidole chake chaelekea mchangani. Washitaki tunawaona visogo tu. Wamekwisha geuka, wanakwenda zao.