Nguo ya Merikani Ilitoka Wapi?

Wazee wetu wa Kivu walikuwa na neno moja ambalo vijana wanaonunua vitenge katika soko la Kadutu hawalisikii sana: merikani, au kama wengine walivyotamka, amerikani. Ndiyo nguo ya pamba, nzito, isiyotiwa rangi. Wengi walidhani ni jina tu la kitambaa. Kumbe jina hilo lina habari ndefu, nayo inaanza katika siasa ya nchi iliyokuwa changa, mbali sana na ziwa letu.

Marekani ilitangaza uhuru wake mwaka 1776, na vita na Waingereza ikaisha mwaka 1783. Uhuru ulipatikana, lakini Waingereza wakawafungia wenye merikebu wa Marekani bandari za visiwa vyao vya Karibi. Basi watu wa Salem, mji mdogo wa pwani katika Massachusetts, wakatafuta bahari nyingine. Na serikali yao ilikuwa na shauri lake. Rais George Washington, alipowaaga wananchi wake mwaka 1796, aliwaonya wafanye biashara na mataifa yote, ila wasijifunge nayo katika mambo ya utawala na vita. Kwa shauri hilo, Wamarekani walifika Unguja wakitafuta bidhaa wala si nchi ya kutawala.

Mmoja wao aliitwa Edmund Roberts, mfanyabiashara wa Portsmouth, New Hampshire. Alifika Unguja, akakutana na Sultani Sayyid Said bin Sultan mapema mwaka 1828. Hakuridhika na masharti ya biashara, akamweleza Sultani mwenyewe bila kuzunguka. Sayyid Said, aliyetawala Maskati pamoja na Unguja, hakukasirika. Alikuwa mtu wa hesabu, naye alitaka marafiki wasio Waingereza peke yao. Roberts akarudi kwao, akamwandikia rafiki yake Levi Woodbury, ambaye mwaka 1831 akawa waziri wa manowari. Rais Andrew Jackson akamtuma Roberts kwa siri katika manowari iitwayo Peacock. Katika orodha ya mabaharia aliandikwa kuwa ni karani wa kapiteni tu! Alikwenda kwanza Siam, na tarehe 21 Septemba 1833 akatia sahihi mapatano na Sultani huko Maskati.

Mapatano yenyewe yalikuwa mafupi. Wamarekani wataingia bandari zote za Sultani, watauza na kununua kwa hiari, watalipa ushuru wa 5 kwa 100 juu ya mali wanayoishusha, wala si zaidi. Bunduki, baruti na risasi wasiuze Unguja isipokuwa kwa serikali, lakini katika bandari nyingine ruhusa. Tena waweze kuweka konsuli. Roberts alikuwa ameandika kwamba merikebu ya Marekani ikivunjika, serikali yake italipa gharama za kuwatunza mabaharia. Sultani alikataa kulipwa. Kwa desturi za Waarabu mgeni aliyepatwa na msiba halipi chakula chake, na sharti hilo likageuzwa: gharama ziwe juu ya Sultani. Jambo hili linatupendeza kuliko mengine yote katika karatasi ile.

Biashara ilikuwa imekwisha kuwa kubwa. Kati ya Septemba 1832 na Mei 1834 merikebu za kigeni 41 zilitia nanga Unguja, na 32 kati yake zilikuwa za Marekani. Konsuli wao wa kwanza, Richard Waters wa Salem, alifika mwaka 1837, kabla ya konsuli yeyote wa Ulaya. Waingereza walipata mapatano yao ya biashara mwaka 1839, Wafaransa mwaka 1844.

Mwaka 1840 Sayyid Said naye akatuma merikebu yake, Sultana, mpaka New York, na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman. Ilibeba pembe za ndovu, karafuu, kahawa, tende na ngozi, pamoja na zawadi kwa Rais Van Buren, zikiwamo farasi wawili wa Kiarabu. Rais hakuweza kuzipokea kwa mkono wake. Sheria kuu ya nchi yake inamkataza mtu wa serikali kupokea zawadi ya mfalme bila ruhusa ya Bunge. Basi Bunge likaamua zipokewe kuwa mali ya taifa, na farasi wakauzwa. Sultana ikatengenezwa bure, ikarudi Unguja na shehena ya nguo na silaha.

Sasa tuiangalie nguo hiyo. Ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, kwa pamba ya majimbo ya kusini. Na pamba ile ilichumwa na watumwa, watu wa asili ya Afrika. Mwaka 1860 walikuwa karibu milioni 4. Nchi iliyoandika mwaka 1776 kwamba watu wote wameumbwa sawa iliwaweka katika utumwa mpaka mwaka 1865. Waters mwenyewe alikuwa mtu wa dini aliyechukia biashara ya watumwa, lakini alifanya biashara yake Unguja, mahali ambapo soko la watumwa lilikuwa wazi hadi mwaka 1873. Mapatano ya 1833 hayakusema neno juu ya watu hao. Yalisema juu ya ushuru.

Kutoka pwani nguo ilipanda kwa misafara hadi Tabora na Ujiji, ikavuka Tanganyika, ikaingia Maniema. Wapagazi Wanyamwezi walilipwa kwa nguo, machifu walipewa hongo kwa nguo. Wafanyabiashara waliitumia kununua pembe, na wengine kununua watu. Hatuwezi kuilaumu nguo. Mwenye njaa alinunua chakula kwayo, mwenye baridi alijifunika. Lakini Nyangwe, mnamo Julai 1871, Livingstone aliona kwa macho yake watu wa misafara wakiwapiga bunduki wanawake waliokuja sokoni.

Mwaka ule ule Stanley alifika Ujiji na mizigo ya merikani aliyoinunua Unguja. Mwezi wa Novemba yeye na Livingstone wakapiga makasia mpaka mlango wa Ruzizi, wakahakikisha kwamba mto huu unaotoka ziwani hapa Bukavu unaingia Tanganyika. Mapadri Weupe wa kwanza waliofika Ujiji, Januari 1879, nao walikuwa wamelipia njia yao kwa nguo na shanga.

Baadaye Wamarekani walipoteza soko. Vita yao ya 1861 hadi 1865 ilikata pamba, na viwanda vya Uingereza na Bombay vikashika nafasi. Watu wetu waliendelea kununua nguo ya Bombay, nao waliiita merikani.