Nizwa: Mji wa Jangwani Unaoishi kwa Maji ya Zamu

 Leo tunakupelekeni Oman, kwenye mji wa Nizwa, ulioko bara, umbali wa kilomita zipatazo 160 kutoka Muscat. Mji huu umejengwa chini ya milima ya Jabal Akhdar, na upande wa kusini mwake jangwa huendelea hadi mchanga wa Rub al-Khali. Mvua ni chache. Hata hivyo, watu wameishi hapo kwa zaidi ya miaka elfu moja wakipanda mitende, ndimu na majani ya mifugo. Swali letu la leo ni hili: mji wa namna hii unaishije?

Wageni wengi wanaofika Nizwa huipa jibu ngome yake, na kwa hakika ni ngome ya kutazamwa. Ilijengwa na Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Ya'rubi, aliyetawala kuanzia mwaka 1649 hadi 1679, yule yule aliyewafukuza Wareno mjini Muscat mwaka 1650. Inasimuliwa kuwa ujenzi wake ulichukua miaka 12. Mnara wake mkubwa wa mviringo ulijazwa mawe na udongo kwa ndani ili usibomolewe na mizinga, na juu ya milango yake kuna matundu ambayo walinzi waliyatumia kuwamwagia maadui asali ya tende iliyochemshwa. Lakini ngome haioti mitende. Kilichouweka hai mji wa Nizwa kimo chini ya ardhi, nacho huitwa falaj, kwa wingi aflaj.

Falaj ni mfereji wa maji. Ile iitwayo daudi huanzia kwenye kisima mama, kilichochimbwa chini ya mlima hadi kufikia maji. Kutoka hapo wachimbaji hutoboa njia chini ya ardhi yenye mteremko mdogo sana, kiasi cha kuyafanya maji yatembee yenyewe, bila pampu wala mnyama wa kuyavuta. Kila baada ya masafa fulani huchimbwa shimo la kuingizia hewa na kutolea udongo. Maji husafiri hivyo gizani, yakikingwa na jua, mpaka yachomoze juu ya ardhi karibu na makazi. Falaj Daris ya Nizwa ni miongoni mwa zilizo kubwa kabisa nchini Oman, na mwaka 2006 iliingizwa pamoja na nyingine nne katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Takriban aflaj 3,000 zingali zinatumika nchini humo. Wazee wa Oman husimulia kwamba Nabii Suleiman mwana wa Daud alipita katika nchi hiyo, akaona ukame wake, akawaamuru majini wachimbe mifereji elfu kumi kwa siku kumi.

Majini au binadamu, kuchimba mfereji ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kuyagawa maji. Pale maji yanapotokeza, sheria ya kwanza ni ya kunywa: kila mtu, mkaazi au mpita njia, ana haki ya kuchota bila malipo. Chini yake huwa mahali pa kutawadhia na kuogea, na chini zaidi pa kufulia, ili anayechafua asimtangulie anayekunywa. Baada ya hapo ndipo maji huingia mashambani, na huko hugawanywa kwa muda. Kipimo chake huitwa athar, ambayo ni kama nusu saa. Mchana zamu zilihesabiwa kwa kivuli cha kijiti, na usiku kwa kuchomoza na kuzama kwa nyota zinazojulikana. Mwenye zamu yake saa nane za usiku hana budi kuamka na jembe lake, afungue mlango wa mfereji, na wakati ukitimia aufunge kumpisha jirani.

Zamu hizo hurithiwa, huuzwa, hukodishwa, na baadhi yake zimewekwa wakfu kwa ajili ya misikiti na madrasa. Nyingine ni mali ya falaj yenyewe. Hunadiwa, na fedha zake hutumika kuufanyia mfereji matengenezo. Msimamizi wake huitwa wakil, naye huwajibika mbele ya wenye maji. Unapokuja ukame, mashamba ya mazao ya msimu huachwa kwanza, na maji yaliyosalia huelekezwa kwenye mitende, kwa sababu mtende ukifa huchukua miaka mingi kupata mwingine wa badala yake.

Wapenzi wasikilizaji, katika mji huu ndipo Waibadhi wa Oman walipoweka makao ya uimamu wao tangu mwishoni mwa karne ya 8. Imamu mmoja wa mwanzo, Warith bin Ka'b al-Kharusi, alifia Nizwa kwa maji. Wanahistoria wa Kiibadhi wanasimulia kwamba mafuriko yalishuka ghafla bondeni mahali palipokuwa na wafungwa. Imamu akaona kuwa wafungwa hao ni amana mikononi mwake, akaingia majini kuwaokoa, akachukuliwa na mkondo. Katika karne ya 14 alifika msafiri Ibn Battuta, ambaye alikwisha kuzuru Mombasa na Kilwa. Aliuona mji ulio chini ya mlima, wenye bustani na mito, na akastaajabu kuona wakaazi wakila katika nyua za misikiti, kila mtu akileta alicho nacho na kula pamoja na wenziwe na wapita njia.

Kwetu sisi tunaozungumza Kiswahili, Nizwa na oasisi za jirani si nchi ya mbali. Mwaka 1698 majeshi ya Imamu Saif bin Sultan, mwana wa yule aliyejenga ngome ya Nizwa, yaliiteka Ngome ya Yesu mjini Mombasa baada ya kuizingira tangu mwaka 1696. Ukoo wa Busaidi, uliotawala Zanzibar hadi mwaka 1964, asili yake ni Adam, oasisi iliyo kusini ya Nizwa. Majina kama Riyami, Kindi, Hinai na Kharusi, yanayojulikana sana Unguja, Pemba na Mombasa, ni majina ya makabila ya bara ya Oman. Miaka ya ukame na vita, watu wa huko walishuka pwani wakapanda majahazi kufuata pepo za kaskazi.

Lakini njia hiyo haikuwa ya upande mmoja, wala haikuwa ya hiari kwa kila mtu. Katika karne ya 19 Waafrika wengi walitekwa na kusafirishwa kuelekea Oman na Ghuba, na miongoni mwao wapo waliotumikishwa katika mashamba ya mitende. Maji yaligawanywa kwa haki ya nyota na kivuli, ila wao hawakuwa na zamu katika mgawanyo huo. Hili nalo ni sehemu ya historia ya oasisi, na haifai kulinyamazia.

Mwaka 1913 uimamu ulihuishwa upya, na Mkataba wa Seeb wa mwaka 1920 ukawaacha watu wa bara wajiendeshee mambo yao, huku Sultani akibaki Muscat. Hali hiyo ilikwisha katika miaka ya 1950, wakati mafuta yalipoanza kutafutwa bara. Vita vilizuka, ndege za Uingereza zikazishambulia ngome, ile ya Nizwa ikiwamo, na Imamu Ghalib bin Ali na wafuasi wake wakakimbilia Jabal Akhdar hadi waliposhindwa Januari 1959.

Baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwezi Julai 1970, Waomani wengi waliokuwa Afrika Mashariki, wakiwamo waliokimbia mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, walirejea katika nchi ya mababu zao. Walikuja na elimu, wakawa walimu, madaktari na watumishi wa serikali. Walikuja pia na Kiswahili, ambacho hadi leo kinasikika Oman.

Miaka hiyo hiyo ilileta barabara, umeme na pampu, na hapo ndipo ulipo mtihani wa sasa. Mwenye pampu haihitaji zamu. Huchimba kisima chake, akawasha mashine, akavuta maji kwa kadiri ya nguvu zake, na maji yakishuka chini, kisima mama cha falaj hubaki kikavu. Ndiyo maana mwaka 1988 serikali ya Oman ilitangaza kwa amri ya kifalme kuwa maji ni rasilimali ya taifa, na uchimbaji wa visima ukawekewa masharti.

Huenda msikilizaji anayeishi mbali na jangwa akasema kuwa mambo haya hayamhusu. Basi tuutazame mji wa Oakdale, kando ya Saint Paul katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, eneo lenye Waafrika Mashariki wengi. Jimbo hilo linasifika kuwa nchi ya maziwa elfu kumi, lakini watu wa Oakdale hunywa maji ya visima. Katika miaka ya 1950 taka za viwanda za kampuni ya 3M zilitupwa ardhini katika mji huo. Mwaka 2004, karibu nusu karne baadaye, kemikali zake zikagunduliwa katika visima vya mji. Mwaka 2006 ukafunguliwa mtambo wa kuyachuja maji hayo, na mwaka 2018 kampuni hiyo ikakubali kulipa dola milioni 850 kumaliza kesi iliyofunguliwa na jimbo la Minnesota.

Jangwani au penye maziwa, maji ya chini ya ardhi hayana ukuta. Anachokifanya aliye juu humfikia aliye chini, hata kama ni baada ya miaka hamsini. Watu wa Nizwa walilifahamu hilo zamani, ndiyo maana wakamweka anayekunywa mbele na anayefua nyuma.

Siku ya Ijumaa asubuhi, mnada wa mbuzi na ng'ombe hufanyika karibu na ngome, na katika maduka ya jirani huuzwa tende, majambia ya fedha na haluwa. Mashambani, kuna mtu anayeitazama saa yake ya mkononi, kwa kuwa saa imechukua nafasi ya nyota, akingojea zamu yake ya maji ifike.