Daftari la Mtoto wa Mhunzi



Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo waliwaambia wafanyabiashara, lakini naona lamfaa zaidi mwanafunzi, ambaye mali yake nyingi huingia kwa masikio. Sisi tuliogawana kitabu kimoja watu wanne twajua kwamba daftari ndilo lililokuwa kitabu chetu.

Historia inatupa mfano mzuri. Michael Faraday alizaliwa Uingereza mwaka 1791, mtoto wa mhunzi. Shule alisoma kidogo tu, kisha akajifunza kazi ya kujalidi vitabu jijini London. Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka hilo alimpa tiketi za kusikiliza mihadhara minne ya Humphry Davy, mkemia mashuhuri wa Royal Institution.

Faraday hakujaribu kunasa kila neno. Ukumbini aliandika maneno makuu tu: majina ya kemikali, vichwa vya majaribio, sentensi fupi zenye uzito. Baadaye aliandika mara ya pili kwa kirefu zaidi. Mara ya tatu aliuandika mhadhara mzima kwa mpangilio, akachora na vyombo alivyoviona. Mihadhara minne ikazaa kurasa zaidi ya 300. Akazijalidi kwa mkono wake, na Desemba 1812 akampelekea Davy pamoja na ombi la kazi. Machi 1813, nafasi ya msaidizi wa maabara ilipopatikana, akaajiriwa. Mwaka 1831 kijana huyo wa zamani wa kujalidi vitabu alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya koili ya waya huzaa umeme. Mitambo ya Kidatu huzalisha umeme kwa kanuni iyo hiyo.

Siri yake ilikuwa katika kule kuandika mara ya pili. Mtu akiandika upya jambo asilolielewa, kalamu husimama, naye hujua papo hapo pa kuuliza. Chuo Kikuu niliwaona wenzetu waliokimbizana na kila neno la mhadhiri. Walitoka na kurasa zilizojaa na swali lile lile. Na katika utumishi wa serikali, kumbukumbu za mkutano zenye kila kilichosemwa hazimsaidii mtu. Tunachotafuta ni kilichoamuliwa, na nani atakitekeleza.

Siku hizi wengi hupiga picha ubao kwa simu. Picha huhifadhi ubao. Somo bado halijaingia kichwani.

Basi, tukutanapo kuchangia madawati na vitabu, napendekeza tuuombe uongozi wa shule jambo moja lisilogharimu hata senti: nusu saa ya kwanza ya prepo, kila mwanafunzi afunge kitabu na aandike upya, kwa maneno yake mwenyewe, aliyofundishwa mchana. Wako pale watoto wa wahunzi, wa wakulima na wa wavuvi. Daftari wanalo tayari.