Osokonoi: mti ulioliwa majani, ukauzwa gome

Kati ya dawa ambazo Wamasai huuza kwenye magulio ya kaskazini mwa Tanzania, kuna vipande vya gome ambavyo havihitaji mnadi. Kwa nje ni vya kahawia iliyokolea na vimechanika magamba. Kwa ndani vina wekundu wa waridi. Kivunje kimoja na harufu itakufikia kabla hujakitia mdomoni. Ukikitafuna unapata uchungu kidogo, unadhani mambo yameishia hapo, halafu ulimi mzima unawaka. Ndiyo osokonoi, dawa ya kifua, ya tumbo na ya homa, ambayo mfugaji wa nyanda za Same hahitaji kuelezwa na mtu.

Wataalamu wa mimea wanauita mti huu Warburgia ugandensis. Huku chini, kandokando ya Ziwa Jipe, kwenye kimo cha takriban mita 700 juu ya usawa wa bahari, si mahali pake. Kwao ni misitu ya juu yenye mvua, kuanzia kama mita 1,000 na kuendelea. Ndiyo maana gome lake limekuwa bidhaa ya safari siku zote. Linabanduliwa mlimani, linakaushwa, linatelemshwa kwa watu wa tambarare. Mtu wa bondeni hulijua gome bila kuwahi kuuona mti uliolizaa, na kwa kuwa haujui mti, hajui pia kwamba majani na mbegu zake zinaliwa.

Afadhali basi tuutazame. Mti uliokomaa hufika mita 25 hata 30, wenye kivuli kizito na majani yasiyopukutika. Jani lina urefu wa kidole au zaidi, kijani cha kung'aa upande wa juu, na lina alama ambayo ukishaionyeshwa huisahau: mshipa wa katikati haupo katikati kabisa, umesogea kidogo upande mmoja. Tunda ni la mviringo, lina ngozi ngumu, huanza kijani na kuishia zambarau, na ndani yake mmejaa mbegu bapa za rangi ya kahawia zenye mafuta. Nyani na ndege hulila. Majani, matunda, mbegu, gome, mizizi, vyote vinawasha.

Wamasai waliutumia mti huu muda mrefu kabla mtu yeyote hajauandika. Katika orpul, yaani kambi ya porini ambako vijana huchinja na kula nyama kwa siku kadhaa, supu huchemshwa pamoja na magome na mizizi ya miti mbalimbali, na osokonoi ni miongoni mwake. Hapo si rahisi kusema dawa inaishia wapi na chakula kinaanzia wapi, na sidhani kama wanaokunywa supu hiyo wana haja ya kutenganisha.

Kisha ikaja reli. Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga Reli ya Uganda kutoka Mombasa, na kwa kazi hiyo walileta karibu wafanyakazi 32,000 wa mkataba kutoka India, wengi wao kutoka Punjab. Karibu 2,500 walikufa kazini. Reli ilipita Voi, siku chache za miguu kutoka Jipe, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Ziwa Victoria mwishoni mwa 1901. Posho ya vibarua hao ilikuwa mchele, unga, dengu na samli vilivyotoka kwao kwa meli. Vitabu vya miti ya Kenya vinasimulia kwamba walipofika nyanda za juu waliyagundua majani na mbegu za mti huu na kuvitia kwenye mchuzi wa binzari ili kupata ukali.

Hadithi hiyo mara nyingi huongezewa kwamba pilipili ilikuwa bado haijafika Afrika Mashariki. Hapo sikubaliani nayo. Pilipili ilifika pwani yetu tangu enzi za Wareno, na Zanzibar ya karne ya 19 ilikuwa ikiiuza nje ya nchi. Misafara ya Pangani iliyopanda kando ya Milima ya Upare kwenda Taveta na Kilimanjaro kutafuta pembe za ndovu ilitoka kwenye pwani hiyohiyo. Kinachoingia akilini ni kwamba barani, kwenye kambi ya watu maelfu iliyohama kila reli iliposogea, pilipili haikutosha au haikufika, na mpishi mwenye pua nzuri alichuma kilichokuwa juu ya kichwa chake. Kwa mtu aliyezoea kuunga dengu kwa majani mabichi ya mchuzi, hilo halikuwa jambo geni hata kidogo. Nani aliyemwonyesha mti? Hakuna aliyeandika jina lake, nami naona hiyo ni hasara, maana hakuna kibarua mgeni anayeokota jani la msitu asioujua na kulitia kwenye sufuria ya wenzake bila mwenyeji kumwambia kwamba haliui.

Majina yaliyoandikwa ni ya watu wa mbali. Mwaka 1895, Adolf Engler wa Berlin, katika kitabu chake kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki, aliipa jamii ya miti hii jina la Otto Warburg, mtaalamu wa mimea aliyekuja kuchapisha kitabu kizima kuhusu kungumanga mwaka 1897 na baadaye akawa rais wa Shirika la Wazayuni duniani. Mti wa kwanza kupewa jina katika jamii hiyo ulikuwa ndugu wa pwani, Warburgia stuhlmannii, kwa heshima ya Franz Stuhlmann, ofisa wa Kijerumani ambaye anahusishwa pia na kuanzishwa kwa taasisi ya utafiti ya Amani, Usambara, mwaka 1902. Huu wa milimani ulisubiri hadi 1906, ambapo T. A. Sprague aliuita wa Uganda, ingawa unaota pia Kenya, Tanzania, Ethiopia na Kongo.

Sehemu ya historia hii ambayo ningependa kila mkulima wa mahindi wa Upare aijue ilitokea baada ya uhuru. Mwaka 1970 Profesa Thomas Odhiambo alianzisha jijini Nairobi kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE. Watafiti waliofanya kazi na kituo hicho, wakiwemo Isao Kubo na Koji Nakanishi wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walitaka kujua kwa nini baadhi ya miti haiguswi na wadudu. Walichukua viini vya Warburgia, wakavipaka kwenye majani ya mahindi, wakawawekea viwavijeshi, wale wale wanaoweza kulifagia shamba kwa siku chache. Viwavi wakakataa kula. Kuanzia mwaka 1976 matokeo yalichapishwa, na viini hivyo vikapata majina: poligodiali, warburganali, muzigadiali. Ndivyo hivyo vinavyouchoma ulimi wa binadamu. Ukali ambao mpishi wa reli aliutafuta ni silaha ya mti, nao umekuwa nao miaka yote hiyo dhidi ya kila mdudu anayeusogelea.

Silaha hiyo haikuukinga na panga. Gome likibanduliwa kuzunguka shina lote, njia ya chakula kutoka kwenye majani kwenda mizizini inakatika, na mti unakufa ukiwa umesimama. Dada yake wa kusini, Warburgia salutaris, ndiye onyo letu. Nchini Zimbabwe alivunwa kwa ajili ya dawa hadi akakaribia kutoweka kabisa msituni, na Afrika Kusini yuko katika orodha ya miti iliyo hatarini. Huko Afrika Kusini, mwaka 2001, wanakemia walichapisha uchunguzi uliolinganisha majani na gome la mti huo, wakaona kuwa majani yana viini vya kutosha kuyafanya yashike nafasi ya gome. Baada ya hapo Hifadhi ya Kruger ikawa miongoni mwa waliogawa miche kwa waganga wa jadi ili wavune majani nyumbani kwao.

Kwetu hoja hiyo inapaswa kueleweka upesi kuliko kwingine. Milima ya Upare tayari inaishi kwa vitu vikali: tangawizi ya Mamba Myamba imewajengea watu nyumba na kusomesha watoto, na imepata hata kiwanda chake. Mwanamke anayejua kuitunza tangawizi chini ya migomba hatashindwa kuutunza mti mmoja ukingoni mwa shamba, akachuma majani machache ya kutia kwenye supu au kwenye sufuria ya makande, na mengine akayakausha kwa ajili ya kikohozi cha msimu wa baridi. Jani likichumwa, huota jingine. Ningefurahi kuona fungu la majani makavu likipangwa gulioni kando ya fungu la gome, na mganga akimweleza mteja wake kwa nini yote mawili yanawasha sawa.

Kuna jambo moja linalohitaji haraka. Mbegu za mti huu hazihifadhiki kama za mahindi. Zikikauka sana au zikiwekwa penye baridi kali zinakufa. Matunda huchumwa mtini yakianza kugeuka zambarau, kabla nyani hawajayamaliza, mbegu huoshwa utomvu wake, na hupandwa zikiwa bado mbichi, kwenye kivuli, katika udongo usiotuamisha maji.