Maji ya Nyabarongo na pesa za kuyapandisha

Gari la Nyamata likishapita Nyanza, hapa kwetu Kagarama jijini Kigali, Rwanda, huteremka Gahanga mpaka daraja la Mto Nyabarongo, na ng'ambo ya daraja ni Bugesera. Mwaka 2000 mvua iligoma huko, Ziwa Cyohoha la Kaskazini likakauka, watu wakahama kutafuta chakula. Nyabarongo haikuacha kutiririka. Maji yalipita pembeni mwa mashamba yaliyoungua, na mwenye jembe tupu hakuwa na namna ya kuyapandisha.

Dawa ya njaa kama hiyo ilianza kutafutwa zamani, kwenye vinamasi. Baada ya njaa ya Rwakayihura ya 1928 na 1929, utawala wa Wabelgiji uliwashurutisha wakulima kulima mabondeni. Kazi yenyewe ilihitaji jembe tu: unainua tuta pana, viazi vitamu vinakaa juu, maji yanalala mferejini katikati. Hupandwa kiangazi na kuvunwa wakati ghala la kilimani limebaki vumbi. Shuruti ilikuwa mbaya, lakini tuta lile lilikuwa na akili.

Miaka ya 1960 wataalamu kutoka Taiwan walileta mpunga Kabuye, kaskazini mwa Kigali. Pesa nyingi zilikuja baadaye, mwaka 2001, kwa mradi wa RSSP wa kusaidia sekta ya vijijini, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia: mabwawa, mifereji, malango ya kugawia maji. Mpunga ukavunwa mara mbili kwa mwaka. Ila ardhi ya kinamasi ni ya serikali, na tangu mpango wa kuongeza mazao wa 2007, zao la kupandwa liliamuliwa kwa pamoja, mara nyingi kutoka juu. Viazi vya tutani vikakosa nafasi. Uwekezaji ulileta mavuno na kupunguza uhuru, na hilo halisemwi sana kwenye sherehe za kukata utepe.

Mwaka 2010 ukatoka mpango mkuu wa umwagiliaji, uliokadiria karibu hekta 590,000 zinazoweza kumwagiliwa nchini. Vilima navyo vikafikiwa: mradi wa LWH ulichimba matuta ya ngazi na kuhifadhi maji ya mvua kwa mabwawa. Nasho, wilayani Kirehe, wakfu wa Howard G. Buffett uligharimia mitambo mikubwa ya kunyunyizia maji inayozunguka kwa nguvu ya jua juu ya mashamba ya wakulima wadogo.

Mimi navutiwa zaidi na jambo dogo la 2014: serikali ilianza kulipa nusu ya bei ya mashine ya kusukumia maji na mipira yake, nusu nyingine akatoa mkulima. Anayemwagilia kabichi kwa ndoo huelewa mara moja thamani yake. Lakini nusu nayo ni pesa, na mafuta nayo hununuliwa. Mwenye robo hekta hana budi kuchanga na majirani wanunue mashine moja, kisha wapangane wenyewe, bila afisa, zamu ya nani kuiwasha alfajiri.