Manete ya pili: historia ya michezo ya video iliyoondolewa sehemu ya kucheza pamoja

Jioni, umeme unapokuwepo, vijana wa Goma, Bukavu na Uvira hukusanyika mbele ya televizioni moja katika vibanda vya michezo. Wawili hushika manete, wengine husimama nyuma yao wakisubiri zamu. Aliyeshindwa huinuka na kumpisha mwenzake. Hapo hakuna anayeuliza habari ya intaneti. Kinachohitajika ni mashine moja, manete mbili na mtu wa kukaa naye.

Lakini katika nchi ambako michezo hiyo hutengenezwa, nafasi ya mtu wa pili imeondolewa mara nyingi kabla mchezo haujafika dukani. Mara sababu ilikuwa udogo wa mashine, mara muda kuisha, mara pesa. Ni historia ya karibu miaka 30, na inamgusa hata mtoto ambaye hajawahi kusikia majina ya kampuni zinazohusika.

Luigi aliyeachwa nje

Tarehe 23 Juni 1996 kampuni ya Nintendo ya Japani ilianza kuuza mashine iitwayo Nintendo 64. Mbele yake ilikuwa na matundu manne ya kuchomeka manete, ishara kwamba ilikusudiwa watu wakae pamoja. Ila mchezo uliobeba sifa ya mashine hiyo siku ya kwanza, Super Mario 64, ulikuwa wa mtu mmoja tu.

Haikupangwa hivyo tangu mwanzo. Kuanzia mchezo wa Mario Bros. wa mwaka wa 1983, Mario ana ndugu yake, Luigi, na mchezaji wa pili ndiye humwongoza Luigi. Watoto wawili wa nyumba moja waliweza kuwa ndugu wawili ndani ya televizioni. Shigeru Miyamoto, aliyesimamia kazi hiyo, alieleza baadaye kwamba Luigi alikuwemo wakati mchezo ukitengenezwa, kisha akaondolewa miezi michache kabla ya kuuzwa. Sababu aliyoitaja ni kumbukumbu ya mashine.

Jambo hilo linaeleweka kwa hesabu ndogo. Kaseti ya mchezo huo ilikuwa na nafasi ya megabaiti 8. Picha chache tu za simu za siku hizi zinatosha kuijaza yote. Mashine yenyewe ilikuwa na megabaiti 4 za kufanyia kazi. Ndani ya nafasi hiyo finyu, watengenezaji walilazimika kuweka kasri, milima, maji, muziki na sauti. Na watu wawili wakienda pande mbili tofauti, mashine inapaswa kuichora dunia mara mbili kwa wakati mmoja, mara moja kwa kila macho. Nguvu hiyo haikuwepo. Ndugu mmoja akaingia, mwingine akabaki nje.

Wachezaji hawakumsahau. Katika ua wa kasri kulikuwa na kibao chenye maandishi yaliyofifia, hayasomeki. Watoto wa Marekani walikikazia macho hadi wakasema kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba L ni wa kweli, na namba 2401. L, walisema, ni Luigi. Kwa miaka mingi wengine waliruka kila ukuta na kuzunguka kila mti wakimtafuta. Hakuna aliyempata.

Mwezi wa Julai 2020, faili za ndani za Nintendo zilivuja, na humo vikaonekana vipande vya umbo la Luigi vilivyotengenezwa kwa ajili ya mchezo ule. Tangu siku mchezo ulipoanza kuuzwa ilikuwa imepita miaka 24 na mwezi 1. Kuna waliosema ile namba ilikuwa unabii. Ilikuwa sadfa. Lakini waliosema Luigi aliwahi kuwemo hawakukosea. Nintendo yenyewe ilikuwa imekwisha kumrudisha mwaka wa 2004, katika toleo lililotengenezwa upya kwa mashine ndogo ya mkononi, Nintendo DS.

Mchezo uliookolewa dakika za mwisho

Mwaka mmoja baada ya Mario, jambo la kinyume lilitokea Uingereza. Kampuni ya Rare ilikuwa ikitengeneza GoldenEye 007, mchezo uliotokana na filamu ya jasusi James Bond. Kwa muda mrefu wa kazi hiyo ulikuwa mchezo wa mtu mmoja. Katika miezi ya mwisho, kijana mmoja wa kikosi hicho, Steve Ellis, alianza kuongeza sehemu ambayo skrini inagawanywa vipande vinne na watu wanne wanapambana. Martin Hollis, kiongozi wa kazi hiyo, alieleza baadaye kwamba hadi mwanzoni mwa 1997 sehemu hiyo haikuwepo kabisa. Mchezo ulitoka mwezi wa Agosti mwaka huo huo.

Kama kungekuwa na mkubwa mwenye haraka aliyesema muda umekwisha, sehemu hiyo isingezaliwa. Ndiyo iliyofanya mchezo huo ukumbukwe. Uliuzwa nakala zaidi ya milioni 8, na watu waliokuwa vijana wakati ule bado wanazungumzia jioni walizokaa wanne kwenye kiti kimoja, wakigombana kwa sababu fulani alichungulia upande wa skrini wa mwenzake.

Kutoka hapo unaonekana ukweli mmoja: kati ya kuondolewa na kubaki, tofauti mara nyingi ni wiki chache na mtu mmoja mwenye moyo.

Halo na ahadi iliyovunjwa

Mfano mrefu zaidi ni wa Halo, mchezo wa vita vya angani wa kampuni ya Bungie ya Marekani. Steve Jobs wa Apple ndiye aliyeuonyesha hadharani mwaka wa 1999. Mwaka uliofuata Microsoft ikainunua Bungie, na Halo ikawa mchezo wa kufungulia mashine yake mpya, Xbox, tarehe 15 Novemba 2001.

Watu walitazamia kucheza kupitia intaneti. Lakini mtandao wa Microsoft wa kuunganisha wachezaji, Xbox Live, haukuwa tayari. Ulifunguliwa mwaka mzima baadaye, Novemba 2002. Basi sehemu ya intaneti ikaachwa. Kilichobaki ni skrini iliyogawanywa, pamoja na waya wa kuunganisha mashine nne zilizo karibu, watu 16 kwa jumla.

Hapo ndipo upungufu ulipogeuka kuwa baraka. Kwa kuwa intaneti haikuwepo, vijana walibeba mashine na televizioni nzito za wakati ule hadi nyumbani kwa mwenzao, wakatandaza nyaya kutoka chumba hadi chumba. Mchezo uliwakutanisha uso kwa uso kwa sababu haukuwa na njia nyingine.

Halo 2, ya mwaka wa 2004, ilileta intaneti, na mamilioni wakahamia huko. Polepole hesabu za wakubwa zikabadilika. Mwaka wa 2015 ilipotoka Halo 5, skrini iliyogawanywa iliondolewa. Ndugu wawili wenye mashine moja hawakuweza tena kucheza pamoja. Kila mmoja alihitaji mashine yake, televizioni yake na intaneti yake.

Malalamiko yalikuwa mengi, hata mwaka wa 2017 Bonnie Ross, mkuu wa kampuni iliyorithi Halo, akaahidi hadharani kwamba michezo mikuu ya Halo itakayofuata haitakosa tena skrini iliyogawanywa. Ahadi ni deni, wahenga walisema. Halo Infinite ilitoka Desemba 2021, na watu wakaambiwa wangojee kidogo kucheza hadithi yake wawili kwenye skrini moja. Septemba 2022 kampuni ikatangaza kwamba sehemu hiyo imefutwa, ili wafanyakazi waelekezwe kwenye kazi nyingine.

Kilichowauma wengi ni kilichofuata. Wachezaji waligundua njia ya kuzunguka ndani ya menyu za mchezo na kuiwasha sehemu ile ile iliyofutwa. Ilikuwa imefichwa humo ndani, na kwa kiasi kikubwa ilifanya kazi.

Si kila kilichokatwa kilistahili kubaki

Ni haki pia kuwasikiliza watengenezaji. Kuongeza mchezaji wa pili si kama kuongeza sahani mezani. Kila mlango, kila adui na kila daraja lazima lijaribiwe upya: itakuwaje mmoja akivuka na mwingine akibaki nyuma? Kama ni wa intaneti, lazima pawe na seva zinazowaka usiku na mchana, na watu wa kuzilinda kwa miaka.

Mwaka wa 2012 kampuni ya Yager ya Berlin ilitoa Spec Ops: The Line, hadithi nzito ya askari waliopotea katika jiji la Dubai lililofunikwa na mchanga. Ilikusudiwa kumfanya mchezaji ajiulize kuhusu mauaji anayoyatenda. Pamoja nayo ilikuja sehemu ya watu wengi ya kupigana kwa pointi. Cory Davis, aliyeongoza ubunifu wa mchezo huo, alisema waziwazi kwamba sehemu hiyo ilisukumwa na waliotoa pesa na kwamba iliharibu maana ya kazi yao. Hapo kukata kungekuwa bora.

Naughty Dog ya Marekani nayo ilikuwa na sehemu ya watu wengi iliyopendwa katika The Last of Us ya mwaka wa 2013. Katika sehemu ya pili ya hadithi hiyo, mwaka wa 2020, haikuwemo, kwa sababu wazo lilikuwa limekua na kuwa mchezo wa kujitegemea. Tarehe 14 Desemba 2023 mchezo huo ukafutwa kabisa. Kampuni ilieleza kwamba kuuendesha kungehitaji nguvu zake zote kwa miaka, na isingebaki na nafasi ya kutengeneza hadithi za mtu mmoja. Ulikuwa uchaguzi kati ya mambo mawili, wakachagua moja. Kazi ya miaka ikawekwa kando.

Inamhusu nini mtu wa Kivu?

Ndani ya mashine hizi, kama ndani ya simu na kompyuta, kuna vipande vidogo vya kutunza umeme vinavyotengenezwa kwa tantalum, madini yanayotoka katika koltan. Mwaka wa 2000 simu za mkononi zilikuwa zikienea duniani na PlayStation 2 ikaingia sokoni. Mwaka huo bei ya tantalum ilipanda kwa kishindo. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Aprili 2001 iliitaja koltan kati ya mali za Kongo zilizokuwa zikichukuliwa na kuendesha vita. Mchezo haukuanzisha vita hivyo, lakini hakuna mkaaji wa Masisi au Walikale anayehitaji kuelezwa kwamba njia ya mashine hizo hupitia milimani kwao.

Kwa hiyo uamuzi unaofanywa mbali, katika ofisi yenye umeme usiokatika, una uzito wa pekee huku. Anayeondoa skrini iliyogawanywa hufikiri kwamba kila nyumba ina intaneti. Familia iliyohama, yenye watoto sita na simu moja yenye megabaiti za kununua, haimo katika hesabu hiyo. Kibanda chenye mashine moja hakimo pia. Kwao, kucheza pamoja kwenye skrini moja ndiyo njia pekee iliyopo.

Na iko sababu ya mwisho ya kuitunza njia hiyo. Tarehe 15 Aprili 2010 Microsoft ilizima huduma ya intaneti kwa michezo ya Xbox ya kwanza. Wachezaji wachache wa Halo 2 waligundua kwamba asiyezima mashine yake hatolewi. Wakaziacha zikiwaka usiku na mchana. Mmoja baada ya mwingine wakaanguka: huyu mashine imepata moto, yule mtandao umekatika. Wa mwisho alitolewa mwezi wa Mei, karibu wiki nne baadaye. Tangu hapo uwanja ule ukafungwa.

Kaseti ya GoldenEye ya mwaka wa 1997 haikuhitaji ruhusa ya mtu. Ikichomekwa leo, kwenye mashine nzima na televizioni inayokubali, skrini inagawanyika vipande vinne kama zamani, na wanne wanaanza kugombea nani amechungulia upande wa nani.